Mbwa mzee, dawa ya viungo na choo cheusi kwenye mawe ya Goma

Mbwa wangu Simba ni mzee, viungo vya nyuma vinamuuma, na veterineri alimwandikia meloksikamu ya kila siku. Inamsaidia kweli: asubuhi anainuka bila kulia. Lakini dawa za aina hii, pamoja na kutuliza maumivu, hupunguza kinga ya ngozi ya ndani ya tumbo. Kidonda kinaweza kuanza huku mbwa bado anatembea vizuri, na wa kwanza kukigundua ni wewe unayeishi naye.

Kila siku angalia choo. Damu ikitoka tumboni inageuka njiani, choo kinatoka cheusi na kunata kama lami. Hapa mtaani Himbi, Goma, ua wetu ni mawe ya volkano, meusi yenyewe, kwa hiyo nimemwaga vumbi la mbao kwenye kona moja na ndiko ninakompeleka kwa kamba. Nikiwa na shaka, nagandamiza karatasi nyeupe ya chooni juu ya choo: wekundu ukisambaa, nahesabu ni damu. Maini, damu ya machinjioni na vidonge vya madini ya chuma navyo hutia choo weusi, ndiyo maana naandika daftarini alichokula.

Dawa anapewa baada ya bugali na sambaza (samaki wadogo wa ziwani), na maji hayakosekani. Akikataa chakula, simpi dawa. Kisha fizi: ninabonyeza kwa kidole, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Kama fizi za mbwa wako ni nyeusi, vuta kope la chini la jicho utazame ndani. Weupe ni hatari.

Tafadhali, usimwongezee diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini ya nyumbani. Akipewa predinisoloni au deksametasoni (dawa za steroidi) juu ya meloksikamu, tumbo linaweza kutoboka. Kwa hiyo mtajie kila veterineri dawa anayotumia, hata kama amekuja kwa chanjo tu. Na wenye paka: parasetamoli inaua paka, hata kipande cha kidonge.

Ukiona choo cheusi, kutapika, kuhara au fizi nyeupe, simamisha dawa siku hiyohiyo. Usipunguze tu dozi ukingoja kesho. Piga picha ya choo, chukua daftari na pakiti ya dawa, mpeleke kwa veterineri. Omba pia figo na ini vipimwe kwa damu, maana dawa hiyo hupita huko vilevile.