Jinsi ya Kuitazama Picha ya Sura ya Mtu katika Sanaa ya Leo

Watazamaji wengi, wakifika mbele ya picha ya sura ya mtu, huuliza kwanza kama imefanana na mwenyewe. Liahirishe swali hilo. Tangu upigaji picha ulipotangazwa hadharani mwaka 1839, kunasa sura si kazi ya mchoraji peke yake tena, na ikiwa wasanii wangali wanachora watu, ni kwa sababu picha ya namna hii huamua nani anastahili kutazamwa, na atazamwe vipi.

Anza na mkao, kisha hamisha macho hadi nyuma ya mchorwaji. Katika picha ya Barack Obama iliyochorwa na Kehinde Wiley na kuzinduliwa Februari 2018 katika jumba la National Portrait Gallery, Washington, rais huyo mstaafu ameketi kwenye kiti cha mbao, ameinamia mbele kidogo, mikono ameikunja juu ya magoti, wala hakuvaa tai. Hakuna dawati wala bendera. Kuna ukuta wa majani mabichi, na mengine yameanza kupita mbele ya miguu yake. Kati ya majani hayo mna asumini kwa ajili ya Hawaii alikozaliwa, krisanthemamu ambalo ni ua rasmi la Chicago, na yungiyungi za buluu za Afrika kwa ajili ya Kenya, nchi ya baba yake. Asiyeyatambua maua ataona bustani tu.

Chunguza pia rangi ya ngozi. Amy Sherald, aliyemchora Michelle Obama kwa uzinduzi huohuo, huwapaka watu weusi rangi ya kijivu, hivyo jicho hulazimika kutafuta utu wao kwingine: katika mtazamo, na katika gauni lililotanda sehemu kubwa ya turubai.

Kibandiko cha maelezo kisome mwisho, maana mara nyingi hufikiri kwa niaba ya mtazamaji. Hata hivyo, picha ambazo Zanele Muholi wa Afrika Kusini amewapiga wasagaji weusi na watu waliobadili jinsia tangu mwaka 2006 hubeba majina ya wahusika, na hapo jina ni sehemu ya kazi yenyewe. Kwa Lynette Yiadom-Boakye wa Uingereza mambo ni kinyume: watu anaowachora ni wa kubuni, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta wasifu wao, sogea karibu utazame brashi ilivyopita.