Umeme ukikatika usiku wa baridi

Baridi ndiyo hiyo inaanza, na umeme nao haukawii kukatika. Kila jioni jaza chupa ya chai maji ya moto, hata kama taa zinawaka. Zikizimika, yamimine kwenye mfuko wa mpira, uuvishe soksi nene, uuweke miguuni chini ya blanketi. Laleni chumba kimoja, kile kidogo, mzibe upenyo wa chini ya mlango kwa taulo lililokunjwa.

Ila jiko la mkaa, nawasihi sana, lisiingie mnakolala, hata likibaki na makaa mekundu tu yasiyofuka moshi. Hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala huenda asiamke. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha.