Sibiloi au Kisiwa cha Kati?
Mnaopanga kutoka Nairobi kwenda kutembea kwa miguu jangwani Turkana, amueni kwanza mna siku ngapi. Hifadhi hizi mbili ziko kwenye Ziwa Turkana, Kisiwa cha Kati ndani ya ziwa na Sibiloi kwenye ufuko wake wa mashariki, na zote ni urithi wa dunia tangu 1997, lakini safari zake hazifanani hata kidogo.

Kama ni wikendi ndefu, chagueni Kisiwa cha Kati. Mnaruka kutoka uwanja wa ndege wa Wilson hadi mji wa Lodwar, mnashuka kwa gari hadi ufukweni, kisha boti. Kisiwa ni kidogo, kwa hiyo mnakizunguka kwa miguu: mnapanda kingo za volkeno, majivu yakiteleza chini ya viatu, na huko juu mnaona maziwa ya kreta, kila moja na rangi yake. Msishuke majini bila askari wa hifadhi. Mamba wa Nile huzaliana humo. Na nahodha akisema upepo haufai, msimbishie. Ziwa hili huchafuka ghafla.

Sibiloi ni ya mwenye wiki nzima na gari la fobai-fo, ikiwezekana magari mawili. Koobi Fora, palipopatikana visukuku vya binadamu wa kale, na miti iliyogeuka mawe vinastahili taabu hiyo, ila njia ni ndefu mno.

Kokote mwendako, bebeni maji ya kunywa ya kutosha kutoka mjini, maana ya ziwani yana magadi. Anzeni kutembea alfajiri. Saa nne mwamba umeshawaka.