SOMO: Kumtoa ndege aliyenasa kwenye nyavu za kuvulia zilizowekwa stoo (soma lote kabla ya kushika mkasi)

Wakuu, swali hili linaulizwa kila mara na majibu ni yale yale. Naliweka hapa, akiuliza mtu mwelekezeni huku.

Vifaa: khanga kuukuu, mkasi mdogo wenye ncha butu, boksi la katoni lililotobolewa, miwani ya aina yoyote. Miwani si mapambo, yangeyange na korongo hulenga macho.

1. Ondoa watoto, mbwa na kelele.

2. Mfunike kichwa kwa khanga. Akiwa gizani hutulia.

3. Mshike mabawa yakiwa yamekunjwa. Mdogo kama mnana au mdiria, mgongo ulale kiganjani na shingo ipite kati ya kidole cha shahada na cha kati. Usibane kidari! Ndege hana kiwambo (msuli wa kupumulia chini ya mapafu) kama sisi, anapumua kwa kupandisha na kushusha mfupa wa kidari. Ukimbana atakufa mkononi nawe unadhani ametulia.

4. Mwenye mdomo mrefu, dhibiti kichwa kwanza. Mnandi (ndege wa majini anayezamia samaki) usimfunge mdomo kwa mpira: matundu yake ya pua yameziba, anapumulia mdomo.

5. Kumnasua. Hapa ndipo wengi wanaua. Usianze kwa kukata wala kuvuta. Tazama kwanza aliingilia upande gani: pale ambapo tumbo na mkia havijafunikwa na nyuzi ndipo mlango wake, na atatokea hapo hapo, kinyumenyume. Anza na miguu. Akiikunja, vidole vinafumba na kung'ang'ania uzi. Unyooshe mguu taratibu kwa nyuma, vitalegea. Fuata tumbo, kisha mabawa. Manyoya ya bawa usiyavute, sukuma uzi uvuke kifundo cha bawa kama unavyomvua mtoto mkono wa shati. Kichwa ni cha mwisho, uzi ukitoka kisogoni kwenda mdomoni. Uzi uliozama kwenye ngozi ndio wa kukata, ncha ya mkasi ikielekea nje.

Ukishakata, kagua kwapani, mapajani na chini ya ulimi. Kitanzi kimoja kikibaki mguuni, mguu unavimba, damu inakatika, unakauka na kudondoka. Ndege ataruka vizuri mbele yako na kwenda kufia mbele ya safari.

6. Boksini, gizani, nusu saa. Usimpe maji wala maziwa.

7. Mwachie mchana, karibu na maji, kwa kumweka chini. Usimrushe juu. Kisha nawa kwa sabuni.

MASWALI

Mchuuzi wa Dagaa: Mkuu, nilimnywesha maji kwa kijiko akafa papo hapo. Tatizo nini?

Mtoa somo: Hatua ya 6. Tundu la pumzi liko kwenye shina la ulimi, maji yameingia kwenye mapafu.

Kijana wa Mwaloni: Si rahisi kukata wavu wote tu? Maelezo marefu mno.

Mtoa somo: Wavu ni wako, kata. Ila ukimwachia na kipande mguuni, atanasa tena kwenye tawi la kwanza.

Kijana wa Mwaloni: Nimeuliza tu, usikasirike.

Mtoa somo: Sijakasirika. Soma hatua ya 5.

Mama Stoo: Kwa nini wanaingia wakati samaki hakuna?

Mtoa somo: Swali zuri, dada. Wavu usiooshwa una magamba na utelezi, unavuta nzi, na nzi wanavuta ndege wadogo na buibui. Wengine wanatafuta pa kulala. Osha, kausha kabisa, kunja kuanzia upande wa maboya, tia kwenye gunia na ufunge mdomo. Ukilazimika kutundika, vuta ukaze. Kinachonasa ni mikunjo iliyolegea. Na vipande vya nailoni msitupe ovyo, ndege hujengea viota na makinda hunasa miguu humo humo.

Mshipi: Akiwa na ndoano bawani?

Mtoa somo: Usiirudishe ilikoingilia, kijino (ncha ndogo inayorudi nyuma) kitachana nyama. Isukume mbele ncha itokeze, kata kijino kwa koleo, ndipo uvute shina. Akiwa ameimeza, kata uzi ubakize kama shubiri nje ya mdomo, usiuvute, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Baba Junior: Mdiria nikimfuga kwa ajili ya watoto?

Mtoa somo: Hapana. Tanzania kuna Sheria ya Wanyamapori ya 2009, Kenya ya 2013. Na mdiria hali mtama, utamlisha nini?

Fundi Nyavu: Nyongeza: magunia yaning'inizwe kwa waya uliopitishwa katikati ya kifuniko cha debe, panya akishuka anateleza. Na yasikae juani, jua linaozesha nailoni.

Mtoa somo: Hii ya kifuniko safi. Kiwe kipana kuliko urefu wa panya, vinginevyo anakizunguka.