Kabla hujapanda miti ya kukinga upepo nyumbani, soma hii

Huku kwetu Singida upepo wa kiangazi hauna utani, mwezi wa 6 mpaka wa 10 unapiga kutwa nzima, hata watu wa umeme wa upepo wameshakuja kupima. Sasa mvua zikikaribia kila mtu anakimbilia kitaluni kubeba miche bila kujiuliza chochote, na mi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo, nikapanda upande wa magharibi kisa ndo kulikuwa na nafasi, miti imekua vizuri tu ila vumbi bado linaingia mpaka kwenye sufuria.

Kwa hiyo kwanza jua upepo unatokea wapi. Wala huhitaji kifaa, muulize mama huwa anasimama wapi akipepeta alizeti, maana hawezi kukaa mahali makapi yamrudie machoni. Huku atakuonyesha mashariki au kusini mashariki, basi miti ikae huko, na safu iukingame upepo, isilale sambamba nao.

Halafu umbali. Mti wa mita 6 unakupa nafuu mpaka kama mara 10 ya urefu wake, yaani mita 60 hivi, so huna sababu ya kuubana ukutani. Acha nafasi inayozidi urefu utakaofikia, siku ukianguka usikute bati. Mkaratusi karibu na nyumba siushauri kabisa, unamaliza maji na matawi yake yanakatika hovyo. Mwarobaini na mjohoro vinavumilia ukame wetu.

Wengi wanapokosea ni hapa: upepo hauzibwi, unapunguzwa kasi. Ukiuziba kabisa kama ukuta wa tofali unaruka juu unashuka nyuma yake ukizunguka zunguka, na nafuu yake haifiki mbali. Safu nzuri ukisimama nyuma yake unaona mwanga unapenya, karibu nusu iko wazi. Mi naona safu mbili za zigizaga, mita 3 mche kwa mche, zinatosha. Na matawi ya chini usiyaguse jamani! Jirani yangu alikuwa na mijohoro safi kabisa, akawa anakata kuni kidogo kidogo mpaka vigogo vikabaki vitupu, sasa upepo unapita chini kwa kasi kuliko mwanzo, kuku wake wakitoka bandani unawaona wanatembea upande upande. Hapo chini jazia michongoma, au minyaa kama huna watoto wadogo, utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Njia ya kuingilia nayo isikatize katikati ya safu, ipitishe pembeni, la sivyo umeufungulia upepo mlango.

Mashimo chimba mapema, mwezi wa 10 au 11, sentimita 60 kwa 60, mvua ikishika unapanda tu. Mbegu za mwarobaini usiweke stoo mpaka mwakani, hazitaota. Mchwa wapo, na mbuzi wakishaachiwa baada ya mavuno hawaachi kitu, so kila mche uzungushie miiba.

Na hiyo miti itachukua miaka 3 au 4 kabla haijakusaidia cha maana, kwa hiyo mwaka huu panda ngazi kagua misumari ya bati kabla ya mwezi wa 6.