Bampa la mbele la gari la chini: namna ya kulinusuru na matuta ya Dar

Toyota Crown, Mark X au Altezza iliyoshushwa springi itagusa chini tu Dar es Salaam. Matuta ya mitaani hayana kipimo kimoja, na vivuko vya mitaro mbele ya mageti hujengwa kwa kukadiria. Kwa hiyo usihangaike kuzuia kila mkwaruzo. Tafuta kitu cha bei nafuu kikwaruzwe badala ya bampa.

Kwanza tambua bampa linagusa wapi. Paka chaki chini ya mdomo wote wa bampa, yaani ukingo wake wa chini, pita tutani na getini kwako taratibu, kisha lala chini na tochi uone chaki ilipofutika. Halafu chukua futi upime kimo cha mdomo kutoka ardhini, na umbali kutoka mdomo hadi pale tairi la mbele linapokanyaga. Tuseme kimo ni sentimita 15 na umbali ni 90: gari lako linahimili mpando wa sentimita 1 kwa kila 6. Kivuko cha geti kinachopanda sentimita 30 ndani ya mita 1.5 ni moja kwa tano, lazima kikwaruze. Fundi akikirefusha hadi mita 2.4 kinakuwa moja kwa nane, unapita na nafasi inabaki. Mifuko michache ya saruji hapo inaokoa kuliko kupiga rangi bampa kila mwaka.

Sasa kinga yenyewe. Ulizia maduka ya spea Kariakoo mpira wa mdomo wa bampa. Mita 2.5 hutosha magari mengi, lakini pima kwanza kwa kamba kufuata mkunjo. Osha bampa kwa sabuni, likauke kabisa, piga msasa laini pale gundi itakapokaa, kisha futa kwa spiriti na kitambaa safi. Fanya kazi hii kivulini, bampa likiwa limepoa.

Anza kubandika katikati, uelekee pembeni, na usiuvute mpira hata kidogo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mpira uliovutwa hujirudi, na ncha zinabanduka zenyewe. Tena gundi peke yake haitoshi, kwa sababu plastiki nyeusi ya chini ya bampa haishiki gundi vizuri. Ongeza skrubu fupi zisizoshika kutu, za milimita 4, kila sentimita 15, na mbili kila ncha. Toboa kwa drili ya milimita 3 kwanza, la sivyo plastiki itapasuka. Vichwa vya skrubu vizame ndani ya mpira. Acha gari lipumzike saa 24 kabla ya kuliosha.

Uendeshaji nao una kazi yake. Ukikanyaga breki, pua inainama. Ukiwa bado umekanyaga tairi likianza kupanda tuta, umepoteza sentimita ulizokuwa nazo. Punguza mwendo mapema, achia breki kabla ya kugusa, gari lijivute lenyewe. Penye nafasi, panda mshazari, tairi moja kisha jingine, ukiangalia vioo vyote viwili maana bodaboda hupita kote kote.

Paki kwa kurudi nyuma. Ukiingiza pua juu ya ukingo wa zege, abiria wakashuka, gari linanyanyuka. Wakirudi linashuka na mdomo unakalia ukingo. Ukirudi nyuma hapo, klipu zinakatika moja moja na bampa linabaki limening'inia upande mmoja. Ukisikia limenasa, simama. Washushe abiria, nyanyua kwa jeki, weka ubao chini ya matairi ya mbele, ndipo urudi.

Springi zilizochoka badilisha pande zote mbili kwa pamoja, na usikubali fundi azikate. Kutoka tairi la 215/45 R17 kwenda 215/50 R17, lenye ukuta mrefu zaidi, unapata kama sentimita 1 ya kimo. Zungusha usukani hadi mwisho kila upande uhakikishe haligusi fenda.

Kila mwezi, na hasa baada ya masika, chungulia chini na ukaze skrubu zilizolegea. Vichwa vyake vikianza kung'aa, mpira umekwisha: badilisha kabla lami haijavisaga, kwani vikishasagika havishikiki tena kwa bisibisi.