Unataka kununua truki yako Marekani? Piga hesabu hii kwanza

Ukisikia mtu anasema gari yake inaingiza dola elfu ishirini kwa mwezi, hadanganyi, ila hiyo ni hela inayopita tu mkononi. Muulize hivi: ukishatoa dizeli, bima, rejesho la gari na fundi unabaki na ngapi, na ungekuwa dereva wa kampuni ungelipwa ngapi kwa maili hizohizo? Wengi watakwambia "inategemea" alafu wanabadilisha mada. Naandika hii kwa sababu naona watu wetu, Wakongo, Wakenya, Wabongo, wanapiga kazi miaka miwili mitatu na CDL yao (leseni ya magari makubwa), wanajinyima, wanaweka akiba, alafu akiba yote inamezwa na kichwa kilichochoka pamoja na bima ya mwaka wa kwanza. Sipingi mtu kuwa na gari lake, kuna watu limewatoa kabisa. Ila waliofanikiwa wote ninaowajua wanajua gharama yao kwa maili mpaka senti ya mwisho.

Chukua kalamu. Tuseme kwa mwezi unatembea maili 10,000, na kati ya hizo 1,500 unatembea tupu kufuata mzigo, kwa hiyo unalipwa maili 8,500 tu. Mzigo unalipa dola 2 kwa maili, umeingiza 17,000. Sasa toa. Gari inakula galoni moja kwa maili sita na nusu, dizeli ikiwa dola 4 hapo imeondoka kama 6,150. Rejesho la kichwa na tela 2,500. Bima 1,400. Tenga senti 20 kwa kila maili kwa ajili ya matairi, oili na fundi (kila maili, hata zile tupu, tairi haijui kama umebeba au hujabeba), hiyo ni 2,000. Namba za gari, kifaa cha ELD kinachorekodi masaa ya kuendesha, toll, parking, mhasibu, weka 700. Ile kampuni inayokulipa haraka badala ya kusubiri broka (dalali wa mizigo) siku 30 inakata asilimia 3, ni 510. Umebaki na kama 3,700, na kodi bado hujagusa. Dereva wa kampuni anayelipwa senti 60 kwa maili, maili hizohizo zote 10,000, amepata 6,000 na gari ikizima njiani anapiga simu tu ofisini.

Sasa badilisha kitu kimoja, mzigo ulipe dola 2.40. Unaingiza 20,400 na unabaki na kama 7,000. Hizo senti 40 ndo maisha yako yote kwenye biashara hii, na wewe huzipangi, soko ndo linapanga. Mwaka 2021 bei zilipaa watu wakanunua vichwa kwa bei za ajabu, 2022 bei zikaanza kushuka, rejesho likabaki palepale. Kulinganisha tu, taasisi ya utafiti ya ATRI ilipata wastani wa gharama kwa mwaka 2024 ni dola 2.26 kwa maili, na humo mshahara wa dereva umeshahesabiwa. Namba nilizotumia mimi ni za mfano, weka zako, ila usiruke hata mstari mmoja. Na mstari wa kwanza kabisa uwe mshahara wako wewe dereva, ujilipe kile ambacho kampuni ingekulipa, kinachobaki baada ya hapo ndo faida ya gari. Kama hakibaki kitu basi umenunua kazi ileile kwa mkopo.

Kitu kinachoangusha watu sana ni akiba. Vichwa vya siku hizi vina ule mfumo wa moshi, DPF (chujio la masizi) na DEF (maji ya kusafisha moshi) na sensa zake, ukigoma kompyuta inapunguza nguvu ya gari mpaka inatambaa, ripea ni maelfu. Injini ikihitaji kufunguliwa yote unaongelea elfu ishirini na kitu kwenda juu. Na kila siku gari iko kwa fundi rejesho na bima havisimami. Kwa maoni yangu kama baada ya kulipa dauni pementi hubaki na angalau elfu kumi na tano ambazo hazina kazi nyingine, subiri. Na hapa tuambiane ukweli wa kwetu: hela ya gari iwe na akaunti yake. Michango ya msiba, ada za wadogo zako, ile nyumba unayojenga, vyote hivyo vitoke kwenye mshahara uliojilipa, visiguse ile akaunti ya gari. Mtu wa nyumbani akishasikia una truki Marekani simu zitaongezeka, jiandae kusema hapana kwa upole.

Njia ziko mbili. Moja unaweka gari lako chini ya kampuni, unatumia othoriti yao (kibali cha kubeba mizigo) na bima yao kubwa, wao wanakata asilimia. Ya pili unachukua othoriti yako FMCSA (shirika la serikali linalosimamia malori), fomu ni dola 300 lakini hiyo ndo rahisi kuliko yote, kuna BOC-3 (wakala wa kupokea karatasi za mahakama), UCR (usajili wa kila mwaka), IFTA (kodi ya mafuta) kila robo mwaka, ushuru wa barabara wa fomu 2290 dola 550 kwa mwaka kwa gari nzito, unatakiwa ujiunge na kundi la kupima madawa ya kulevya, na ndani ya mwaka wa kwanza wanakukagua. Sheria inataka bima ya dola 750,000 lakini mabroka wengi wanataka milioni moja na ya mzigo laki moja, na kwa othoriti mpya bima inaweza kupita elfu ishirini kwa mwaka, zaidi ya niliyoweka kwenye hesabu juu. Pia mabroka wengi hawakupi mzigo mpaka othoriti ifikishe miezi kadhaa. Mimi ningeanza na njia ya kwanza, mwaka mmoja hivi, nijue gari langu linakula nini ndo niende peke yangu.

Ukiweka gari chini ya kampuni dai mkataba wa maandishi, sheria ya shirikisho iko upande wako: wanatakiwa wakulipe ndani ya siku 15 baada ya kuleta karatasi za mzigo, kama unalipwa kwa asilimia una haki ya kuona mzigo ulilipa ngapi kweli, na ile hela yako wanayoshikilia kama dhamana irudi ndani ya siku 45 mkataba ukiisha. Wakigoma kuandika hayo ondoka.

Ile ya kampuni kukupa gari yao ulipie kidogokidogo huku unabeba mizigo yao tu, kaa mbali nayo. Wao wanapanga bei ya gari, wao wanapanga mizigo, ukikosa mizigo deni linakua na ukitoka unaacha gari na hela yako yote. Jopo la serikali lililochunguza jambo hili lilipendekeza Januari 2025 Bunge liipige marufuku kabisa.

Kodi: hakuna anayekukatia. Kuna ya kujiajiri asilimia 15.3, mbali na ya mapato, na inalipwa mara nne kwa mwaka. Kila malipo yakiingia, hamisha ya kodi siku hiyohiyo. Bima ya afya nayo ni yako sasa, kama una watoto uliza bei kabla hujaacha kazi.

Na Kiingereza, kwa wale bado wanajifunza: tangu tarehe 25 Juni 2025 mkaguzi akiona huwezi kumjibu barabarani anakusimamisha kuendesha papo hapo. Ukiwa na gari lako hakuna dereva mwingine wa kuja kuchukua mzigo, kwa hiyo maliza hilo kwanza.

Hesabu ikikubali, basi siku ya kununua gari usiende na rafiki wa kupiga picha. Nenda na fundi wa injini hizo, asome kompyuta aone masaa ya ailo (injini kuwaka gari imesimama) na alama za hitilafu za zamani, oili ipelekwe maabara, na muuzaji aonyeshe risiti za matengenezo. Akisema hana risiti, bei ishuke sana au urudi nyumbani na hela yako.